Shajara ya mradi: roboti la mjusi wa Tendaguru kwa laptopu ya steshenari

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kujaribu 3D, yaani kuchora umbo unaloweza kulizungusha na kulitazama pande zote, na hana kompyuta ya maana, wala hajawahi kugusa programu zake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijagusa. Nina steshenari ndogo hapa Rahaleo, Lindi mjini, kazi zangu ni kopi, kuprinti, picha za pasipoti na kuwaandikia watu barua za maombi ya kazi, basi. Nitaongeza hapa kila hatua inapoisha. Yaliyokwenda vizuri nitayapitia haraka, yaliyonitesa ndio nitayaeleza.

5 Julai, Jumamosi. Wazo na vifaa

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, anakaa kwangu. Kaja na habari kwamba klabu yao ya sayansi wanatakiwa wabuni roboti na walete picha yake. "Mjomba si una kompyuta, nichoree." Kama vile kuwa na kompyuta ndio kujua kuchora. Nikamwambia sikuchorei, tutachora wote, na roboti la boksi lenye antena mbili kichwani sitaki kuliona maana watoto wote watapeleka hilo hilo.

Tukakubaliana tutengeneze roboti lenye umbo la mjusi wa Tendaguru, yaani yule dainosaria mwenye shingo ndefu. Kwa wasiotoka huku, Tendaguru iko mkoani kwetu, kama kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini. Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, ikapakiwa. Leo yule mkubwa wao kasimama kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, meta 13.27 kutoka sakafuni mpaka utosini. Huku kila mtu anajua habari ya "mjusi wetu", hata ambaye picha yake hajawahi kuiona.

Programu ni Tinkercad. Ni bure, inafunguka kwenye brauza, hushushi chochote, unavuta maumbo tu kama mtoto anavyopanga vibox. Inapima kwa milimita, kwa hiyo ile 13.27 tukaigawa kwa 100, roboti letu litakuwa na kimo cha milimita 132.7. Andika hiyo namba pembeni, itanirudia baadaye vibaya.

Vifaa: laptopu ya dukani, i3 ya zamani, RAM 4, haina kadi ya picha. Mausi nimenunua 8,000 kwa sababu kugusa gusa kwa kidole pale kwenye laptopu nilishindwa siku hiyo hiyo ya kwanza, ukitaka kuzungusha unavuta, ukitaka kuvuta unazungusha. Usianze bila mausi yenye gurudumu. Bando la 2,000.

7 Julai, Sabasaba. Kiwiliwili na miguu

Duka limefungwa, siku nzima yetu. Kiwiliwili ni boksi lililozungushwa kingo, juu yake nusu silinda. Miguu ni silinda mbili mbili na tufe katikati kama goti. Hapa hamna cha kusimulia, saa moja na nusu tumemaliza.

Kilichotuchelewesha ni kwamba huyu mjusi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka. Tulipofanya hivyo jirani yangu fundi baiskeli kaja kuchungulia akasema "aah mnachora fisi." Na kweli, bila shingo ni fisi mtupu. Mpwa wangu akataka turudishe miguu iwe sawa, nikamkatalia, nikamwambia fisi huyu subiri aote shingo.

Kosa la leo: miguu ya nyuma ilikuwa inaelea. Ukiangalia kwa mbele unaona roboti limesimama safi, ukishusha jicho usawa wa chini unakuta miguu miwili iko hewani milimita 7, kama mtu anayeogopa maji ya bahari. Dawa yake chagua kipande halafu bonyeza D, kinashuka chenyewe mpaka chini. Na kuanzia leo nimejiwekea sharti, kila nikiongeza kitu nazungusha pande zote ndio naendelea. 3D inadanganya ukiitazama upande mmoja.

10 Julai, Alhamisi. Kazi imepotea

Fupi tu maana bado nina hasira. Tinkercad inasevu yenyewe mtandaoni, na hicho ndicho kilichoniponza. Jioni nilikuwa natengeneza mabega yenye pistoni, nimewasha hotispoti ya simu, bando likaisha mimi sijui, nikaendelea kama dakika 40 hivi. Ukurasa hausemi kitu kwa nguvu, kuna kiandishi kidogo tu juu kinachoonyesha kama kazi imeseviwa na mimi nilikuwa sikiangalii. Mteja kaja anataka kuprinti kutoka kwenye barua pepe yake, nikafunga brauza nikafungua upya. Mabega hayapo.

Sasa nafanya hivi, naangalia salio kabla ya kuanza, na kila nikimaliza kipande cha maana natoa faili kabisa naliweka kwenye flashi. Bando la pili, 2,000 nyingine. Mabega nimeyarudia, mara ya pili yamechukua dakika 15 tu na yametoka mazuri zaidi, lakini usije ukaniambia hilo usoni.

13 Julai, Jumapili. Shingo

Hapa ndipo penye kazi yote. Mjusi huyu ana pingili 13 za shingo, na tulitaka roboti liwe nazo hizo hizo 13, kila moja silinda fupi yenye mkanda katikati ili ionekane kama kiungo kinachopinda. Kuweka moja moja kwa mkono nilijaribu. Ya kwanza na ya pili zikakaa, ya tatu ikapinda, ya nne hata sijui ilielekea wapi.

Halafu mpwa wangu akagundua Ctrl+D. Ni hivi: unachagua pingili, unabonyeza Ctrl+D inatoka kopi yake palepale, unaisogeza juu kidogo, unaipinda kidogo, unaipunguza unene kidogo. Ukibonyeza Ctrl+D tena inatoa nyingine na kurudia yale yale uliyoyafanya, kusogea, kupinda na kupungua. Yaani unaifundisha mara moja, inayobaki inafanya yenyewe. Nilipoona mara ya kwanza nilimwita mke wangu jikoni aje aone, akaja na mwiko mkononi, akasema "eeh" akarudi zake.

Lakini kufika hapo tulikosea mara tatu, na nazieleza zote.

La kwanza, pembe. Unapopinda, kuna duara linatokea. Ukivuta mausi ndani ya duara inaruka nyuzi 22.5 kwa mkupuo, ukivuta nje ya duara inakwenda moja moja. Sisi tulivuta ndani. Pingili moja kupinda nyuzi 22.5 wala haionekani mbaya, ila zikirudiwa zote shingo inazunguka karibu duara zima. Tukapata konokono. Mpwa wangu alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Tukafuta, tukavuta kwa nje, nyuzi 10. Hapo shingo ikarudi nyuma, kichwa kitatazama mkia kama kuku anajikuna. Nyuzi 4 ndio ikakubali, inapanda inajikunja kidogo kwa ustaarabu.

La pili hili ni baya kwa sababu halionekani. Baada ya kusogeza ile kopi ya kwanza nilibofya pembeni ili niitazame vizuri. Kubofya tu pembeni, programu imesahau ulichokuwa unaifundisha. Mimi nikaichagua tena, nikabonyeza Ctrl+D, sioni kitu. Nikabonyeza tena. Na tena. Nikasema labda mtandao, nikabonyeza kama mara kumi. Kumbe kila nikibonyeza inatoa kopi palepale juu ya mwenzake, zote zimepandana, wewe unaona moja. Laptopu ikaanza kuwa nzito feni inalia, sielewi. Nilijua pale nilipofuta ile pingili na bado ikawepo, nikafuta tena bado ipo, nikadhani kibodi mbovu. Ukiona umefuta kitu na kipo, usibishane na kibodi, vuta boksi la kuchagua kupita juu yake halafu angalia inakuambia umechagua vitu vingapi. Mimi iliniambia 11.

La tatu ni kupunguza unene. Ukivuta kona moja bila kushika Shift pingili inaweza kupungua upande mmoja kuliko mwingine, ukirudia hivyo unapata shingo bapa kama utepe. Shika Shift. Tulianza na upana wa milimita 20, kila moja ikipungua kidogo kwa nyingine, juu kabisa tukaishia kama milimita 10.

Mwisho tukafuata utaratibu, Ctrl+D, sogeza, pinda, punguza, mkono hautoki kwenye mausi wala hubofyi popote, halafu mpwa wangu akahesabu kwa sauti mimi nabonyeza, moja, mbili, mpaka 13. Shingo hiyo. Fisi kaondoka. Tukala ming'oko na chai saa nne usiku, dada yangu angejua saa hiyo mwanawe hajalala ingekuwa kesi.

19 Julai, Jumamosi. Kichwa na shimo la mdomo

Kichwa kidogo, boksi na koni iliyokatwa, macho tufe mbili za taa. Mdomo tulitaka uwe wazi. Tinkercad ukitaka kutoboa unachukua umbo, unaligeuza kuwa shimo, unaliingiza ndani ya kitu halafu unavigrupu, yaani unaviunganisha viwe kitu kimoja, shimo linakula.

Sasa mimi nikachagua roboti zima kwa Ctrl+A nikagrupu mara moja kwa kuwa nilitaka limalizike. Boksi langu la shimo nilikuwa nimeliacha refu kwa nyuma, likapita kichwani likaenda kula na pingili tatu za juu. Roboti likawa kama limekatwa na panga shingoni. Na zaidi ya hapo mwili mzima ukageuka rangi moja, chungwa, rangi zote tulizokuwa tumepanga zimekufa.

Haya mawili yana dawa nyepesi, ila nilipaniki nikapoteza saa nzima na Ctrl+Z. Kwanza vunja grupu kwa Ctrl+Shift+G, vitu vyote vinarudi vilivyokuwa pamoja na lile shimo. Pili, grupu kichwa na shimo lake peke yao, wamalizane wao kwa wao. Rangi bofya lile duara la rangi, humo kuna kiboksi kimeandikwa Multicolor, tia tiki, kila kipande kinarudia rangi yake.

Ukiniuliza mimi, shida yangu karibu zote kwenye hii kazi sio kuchora, ni kugrupu mapema. Mkono unawasha tu kugrupu ili uone kitu kizima. Jizuie.

23 Julai, Jumatano. Mkia, na jina

Mkia tumeupiga kwa Ctrl+D kama shingo, dakika 10, mkono umeshazoea. Tukaulaza chini uburuze, mimi niliona ndio unavyotakiwa, mjusi si anaburuza mkia.

Mpwa wangu kaja na picha mbili kwenye simu, zote za yule wa Berlin. Ya zamani mkia unaburuza sakafuni na miguu ya mbele imetanuka kama mtu anapiga pushapu. Ya sasa mkia uko juu hewani na miguu imesimama wima. Kumbe walimsimamisha 1937, halafu baadaye wakamfumua wakampanga upya, 2007 ndio akaonekana tena akiwa hivi. Yaani makumbusho yenyewe ilikaa na mkia chini karibu miaka 70. Nikajisikia nafuu. Tukauinua mkia, milimita 30 kutoka chini.

Jina: tumeliita Boheti. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji kule Tendaguru, na 2007 hiyo hiyo kuna mjusi mwingine wa kule alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mpwa wangu kalichonga jina kifuani mwa roboti kwa herufi za shimo. Safari hii alizigrupu na bamba la kifua peke yake, bila kuambiwa.

27 Julai, Jumapili. Kuhamia Blender kwa ajili ya picha

Tinkercad picha zake ni za kawaida, hamna vivuli vya maana. Nikasema tupige picha kwenye Blender, programu nyingine ya 3D, kubwa zaidi. Blender nayo ni bure, ila kuanzia toleo la 2.80 inataka kompyuta inayoweza angalau OpenGL 3.3 (mfumo wa kuchorea picha kwenye skrini) na laptopu yangu haiwezi, ikifunguliwa inakataa. Nikashusha 2.79 ya zamani, hiyo ikafunguka bila maneno. Bando lingine, 3,000.

Makosa yalikuwa mengi kwa siku moja kuliko wiki zote.

Nilitoa faili aina ya STL kwanza. STL haibebi rangi. Roboti likaja la kijivu lote. Nikarudi nikatoa OBJ, hii inakuja imezipiwa na ndani kuna faili mbili, tinker.obj na obj.mtl. Ile ya pili ndio rangi. Mimi nikaivuta ile ya kwanza tu nje, bado kijivu. Zitoe zote mbili uziweke folda moja, ndio rangi zinakuja.

Likaja limelala ubavu. Kulichagua tu ilikuwa kazi, 2.79 unachagua kwa kubofya kulia sio kushoto, nilibofya kushoto robo saa nzima nikihamisha kile kiduara chekundu cheupe. Likishachaguliwa Alt+R, likasimama.

Nikabonyeza F12 kupiga picha. Giza. Nikasogeza kamera, giza na kijivu. Sasa hapa ndio ile namba inarudi. Tinkercad ilisema 132.7 milimita, lakini faili halibebi neno milimita, linabeba namba tu, na Blender kwake moja ni meta. Kwa hiyo Boheti ameingia na kimo cha meta 132.7, mara kumi ya mjusi mwenyewe, na kamera ilikuwa imesimama katikati ya miguu yake inapiga picha ya goti. Nikairudisha kamera nyuma mbali kabisa mpaka nione mwili wote, F12, safari hii hamna kitu kabisa, anga tupu. Kumbe kamera nayo ina mwisho wa kuona, umewekwa 100, kitu kilicho mbali zaidi ya hapo haikioni. Unaweza kuuongeza huo mwisho, ila rahisi ni kumpunguza mnyama. Bonyeza S andika 0.05 bonyeza Enter. Akawa na kimo cha kama 6.6, kamera ikarudi karibu, akatokea.

Kibodi ya laptopu haina zile namba za pembeni za kubadili upande wa kutazama, nenda kwenye mipangilio kuna sehemu ya Emulate Numpad, tia tiki, utatumia namba za juu.

Picha ya kwanza niliweka sampuli 500 (ndio mara ambazo programu inakokotoa mwanga wa kila doti) na ukubwa asilimia 100 kwa tamaa. Imekwenda saa mbili na dakika kadhaa, umeme ukakata, na betri ya hii laptopu ni pambo tu. Ya pili nikaweka sampuli 100, dakika 35, ina vidoti doti kwenye kivuli ila ukiprinti havionekani.

2 Agosti, Jumamosi. Printi

Wiki hii dukani hakukaliki, watu wanaprinti vipeperushi vya Nanenane kule Ngongo, foleni mpaka nje, kwa hiyo Boheti kasubiri mpaka saa mbili usiku. Nimemprinti A4 ya rangi kwenye karatasi nzito. Kajaa vizuri, macho mekundu, mkia juu, jina kifuani linasomeka. Hesabu ya fedha mpaka hapa: mausi 8,000, mabando matatu 7,000, karatasi na wino nimekadiria 1,500, jumla 16,500. Mabega ya dakika 40 na saa mbili za umeme sijayaweka.

Mpwa wangu kaichukua karatasi, kaishika karibu na taa, kidole kinapanda taratibu shingoni midomo inacheza. Kafika juu. Karudi chini kaanza upya.

"Mjomba."

"Naam."

"Ziko 14."

Nikamwambia hesabu vizuri. Akahesabu kwa sauti, na mimi nikahesabu, 14. Ile siku ya shingo nilibonyeza Ctrl+D mara 13, zikatoka kopi 13, na ile ya kwanza yenyewe hatukuihesabu. Ilitakiwa nibonyeze mara 12.

Nikasema nani atahesabu pingili za roboti kwenye picha. Akasema "mimi nimehesabu." Sina jibu la hilo.

Tumefungua Tinkercad tena, tumevunja grupu, tumefuta pingili ya juu kabisa, kichwa tukakishusha mpaka kikagusa. Kimo kikapungua, kwa hiyo tumechagua lote, tukashika Shift tukavuta kona mpaka kimo kikarudi 132.7, likakua lote kwa pamoja. OBJ, faili mbili folda moja, bofya kulia, Alt+R, S 0.05. Saa hizi ni saa tano kasoro usiku, F12 imebonyezwa, imefika asilimia 20, na nimehamisha luku ya akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya friji.